Leo Tunaanza na Nini: Kumbukumbu ya Lusia Kalinga

Mwaka umetimia, Lusia, tangu asubuhi ile ya Mei 1977 ulipotuaga pale hospitali ya Tosamaganga. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha na baridi ya Iringa ilikuwa inaanza kuuma. Mwaka mzima tumekuwa tukikutaja kwa sauti ya chini, kila mmoja kwa wakati wake, maana kila mmoja wetu ana lake la kukuomba radhi. Leo tunakutaja kwa sauti, mbele za watu.

Atakayesoma tangazo hili atajiuliza imekuwaje mtu wa Kilolo akumbukwe na Wasukuma wa Usangu. Ndugu zako wa damu wamekusomea misa, na sisi tukawaomba ruhusa tuseme letu. Kaka yako Kasian alitutazama, akasema, “Semeni. Lakini msiseme uongo, maana Lusia alikuwa hapendi.” Basi tutasema kweli, hata ile inayotutia aibu.

Regina wetu, binti wa Budeba na Roza, alipooza miguu yote miwili akiwa na miaka minne, huko Shinyanga, kabla hatujahama na ng'ombe wetu kuja Usangu. Ugonjwa ulimwachia mikono yenye nguvu na kichwa kigumu. Tulipofika huku tukampeleka misheni kwa matibabu. Miguu haikupona, lakini masista walimfundisha kushona, naye akashika kazi ile kwa mikono miwili. Alipomaliza tukamtuma kaka yake Nyanda akamchukue. Nyanda akarudi peke yake. Regina alikuwa amepanga chumba Mlandege, pale mjini Iringa, anashona sare za shule kwa cherehani ya mkono, barazani kwa duka la Kamrudin na mkewe Fatema, na alikuwa amemwambia kaka yake kwamba harudi.

Hapo ndipo ulipoingia wewe. Ulikuwa mjane, unafua mashuka pale misheni, mwanao Matilda ameshaolewa. Regina alikuita akakwambia maneno ambayo sisi tuliyasikia baadaye sana, nawe uliyakumbuka mpaka mwisho: “Mama sitaki, ninaye. Yaya sitaki, nimekua. Ninataka mikono na miguu. Kichwa ninacho.”

Ukamjibu, “Basi wewe useme, mimi nifanye. Usiposema, sifanyi.”

Mkapatana hivyo, na kwa miaka sita hukukiuka hata siku moja. Kila asubuhi ulibisha hodi. Ufunguo ulikuwa nao wewe mwenyewe, umeufunga kwenye pindo la kanga, lakini ulisimama nje mpaka usikie “Karibu.” Siku moja mvua ilikuwa inakunyeshea, na Regina kwa uchokozi wake akanyamaza huku akihesabu mpaka ishirini. Hukuingia. Alipokukaribisha ulikuwa umelowa chapachapa, ukamwamkia kwa Kihehe, “Kamwene, mdogo wangu. Siku nikifa uwaambie watu nimeuawa na hodi.” Mlicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha ukauliza swali lako: “Leo tunaanza na nini?”

Kuna siku alianza na uso, kuna siku alianza na chai akiwa bado ndani ya blanketi, na ile chai yako ilikuwa tangawizi tupu. Kuna siku alisema, “Leo hatuanzi,” mkakaa tu mkimenya njegere. Ulimbeba mpaka kwenye kiti cha mbao chenye tundu, alichokichora mwenyewe na seremala akakichonga, ukamsogezea maji, ukatoka na kugeuza mgongo. Vifungo alifunga mwenyewe. Kilemba ulimfunga wewe, kwa namna aliyoitaka yeye, hata pale alipotaka kibaya, nawe ulikuwa mtu wa maoni mengi kuhusu vilemba. Baada ya hapo ulimpakia kwenye kigari chake cha magurudumu matatu mkaenda kazini.

Bi. Fatema hakukuelewa hata kidogo. Alikuona umesimama kando ya cherehani, kitambaa kimeanguka chini, nawe hukiokoti. Akamwuliza mumewe kwa sauti ili usikie, “Mfanyakazi gani huyu, anasimama tu mpaka aambiwe?”

“Mama,” ukamjibu kwa upole, “miguu yako huwa inaondoka kabla hujaiambia?”

Tangu siku hiyo mkawa marafiki, na ndiye aliyetusimulia habari hii huku akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Sasa tufike pale panapotuuma.

Ilikuwa Agosti 1974. Mama Roza na Nyanda walisafiri kutoka Usangu kuja kumwona Regina, na chupa ya samli na kuku wawili. Waliingia chumbani kwake bila hodi, kama tulivyozoea kuingia. Wakamkuta Regina yuko sakafuni. Alikuwa ameinamia mkasi akateleza kutoka kwenye benchi, kiwiko kinatoka damu, vumbi usoni, anajikokota kurudi kwenye mguu wa benchi. Na wewe umesimama hatua moja tu kutoka kwake, mikono imening'inia.

“Nikuinue, au unajaribu?” ulikuwa unamwuliza.

“Ngoja,” akasema Regina, meno ameyauma.

Ukangoja.

Kwetu mtu akianguka anakimbiliwa, hata akiwa mlevi, hata akiwa adui yako. Mama Roza alichokiona ni mtoto wake kwenye vumbi na mtu mzima anamtazama. Akapiga yowe lililotoa watu madukani. Nyanda akakusukuma kifuani ukagonga ukuta.

“Mchawi wewe!” akakwambia. “Unamtazama mwenzako anatambaa? Hata ndama hatumfanyii hivyo! Toka! Toka nisikuone!”

Regina akasema kutoka pale chini, “Nyanda, mimi ndiye nilimwambia angoje.”

Nyanda hakusikia. Hapana, tuliahidi hatutasema uongo. Alisikia.

Kesho yake tulimpakia Regina kwenye lori pamoja na magunia. Alikataa, akalia, akamshika mama yake mkono akamwambia, “Hapa ndipo kwangu.” Tukambembeleza kama anavyobembelezwa mtoto mwenye homa. Cherehani tuliiacha, tukasema hataihitaji tena.

Tulimpenda, Lusia. Hilo usilitilie shaka. Tulimwogesha kabla jogoo hajawika, kwa mkono wa wifi yeyote aliyekuwa na nafasi. Tulimlisha, tukampangusa mdomo, tukamvisha nguo tulizoziona zinamfaa. Tulimkalisha kila siku chini ya upenu akitazama zizi, maana mzee Budeba alisema ng'ombe huondoa huzuni. Regina hapendi ng'ombe. Hajawahi kuwapenda. Hakuna aliyemwuliza.

Wiki ya kwanza aligomba. Wiki ya pili alijibu alipoulizwa. Baadaye ikawa “ndiyo” tu, halafu hata hiyo “ndiyo” ikakoma. Mama Roza alimshukuru Mungu, akasema, “Ametulia.” Lakini Regina hakuwa ametulia. Alikuwa anaogopa, na hofu yake alimweleza mama yake miaka miwili baadaye: kila siku alijiuliza ni nani aliyeamua kwamba ana njaa, ni nani aliyeamua kwamba ana usingizi, na aliona hamu zake zinampotea moja moja. Aliogopa itafika siku ataulizwa anataka nini, na yeye hana jibu.

Wewe ulikuwa Mlandege. Ulifungia cherehani ndani, ukaitia mafuta kila Jumamosi, na mtu alipokuomba ashonee hata kiraka ulimwambia mwenyewe hayupo. Februari, njia za Usangu zikiwa tope tupu, ulipanda basi ukashuka Rujewa, ukatembea kwa miguu ukiuliza kwa Budeba ni wapi. Cherehani ilikuwa kichwani, umeizungushia shuka.

Ulisimama nje ya boma letu, mbwa wanakubwekea, ukaita, “Hodi!”

Mama Roza akaitikia “Karibu” kabla hajaona ni nani. Alipoona, neno lilikuwa limeshamtoka.

Uliingia ukapiga magoti ukamwamkia mzee Budeba, ukamwamkia Mama Roza, ukamwamkia hata Nyanda aliyekusukuma. Shingo ilikuwa imekukaza, huwezi kugeuka vizuri. Kisha ukaenda pale chini ya upenu, ukaiweka cherehani mbele ya Regina, ukaifunua.

“Kamwene, mdogo wangu,” ukasema. “Nimekuletea mashine yako. Niiache hapa, au niirudishe Iringa?”

Mzee Budeba hakuwa mtu mbaya. Aliona mgeni amechoka, akajibu, “Iweke ndani, mama, uje ule.”

“Baba, nisamehe,” ukasema bila kunyanyua macho. “Sikukuuliza wewe. Nimemwuliza mwenye mashine.”

Hakuna mtu aliyewahi kumjibu mzee hivyo katika boma lile. Regina akafungua mdomo na sauti ikagoma. Alijaribu tena, shingo imemtoka mishipa, na Mama Roza akataka kumjibia. Ukainua kiganja kidogo, kwa heshima, Mama Roza akanyamaza. Ukangoja vilevile ulivyongoja siku ile ya mkasi, na safari hii tulikuwa tunakutazama usoni, tukaona machozi yanakutiririka. Kumbe kungoja kulikuwa kunakuuma. Sisi tulidhani ni ukatili.

“Irudishe,” Regina akasema. Kisha akavuta pumzi. “Na mimi.”

Mzee Budeba alichora ardhi kwa fimbo. Halafu akamwuliza binti yake swali la kwanza tangu aletwe: “Unaondoka lini?”

“Kesho,” akasema Regina.

Mama Roza alifuatana nanyi akakaa Mlandege wiki mbili, na ulimpa taabu. Mkono wake ulikuwa hautulii, kila mara unakimbilia kifungo au kijiko. “Mama, muulize kwanza,” ulimwambia, mara moja, mara kumi. Siku ya nane alimwuliza Regina, “Mwanangu, chai uitie sukari mwenyewe?” Regina akacheka, na Mama Roza akatoka nje kulia.

Sasa lililobaki ni zito kuliko yote, na Regina ndiye aliyetuagiza tuliandike.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa mwisho aliona miguu yako imevimba. Aliona kwamba ukishamketisha unashika kizingiti cha mlango kwanza, unapumua, ndipo unafuata maji. Aliona unaacha chai yako nusu. Aliyaona yote, maana macho yake ni ya mshonaji. Hakukuuliza. Alijiambia kwamba ungekuwa mgonjwa ungesema. Lakini wewe ulikuwa mtu wa kuulizwa, Lusia. Miaka sita ulimwuliza yeye kila asubuhi leo tunaanza na nini, na yeye hakukuuliza wewe hata mara moja. Mwaka huu hajakaa siku nzima bila kulikumbuka hilo.

Ulianguka Aprili, pale barazani, ukiwa umeshika mpini wa kigari. Kamrudin alikuchukua kwa gari lake mpaka Tosamaganga, na moyo ulikuwa umechoka, hakuna lililobaki la kufanya. Siku ya tatu Regina akaletwa kukuona. Wahudumu wawili wa wodi walitaka kumnyakua juujuu wamweke kitini, kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Akawazuia.

“Ngojeni niseme,” akawaambia. “Wewe pita nyuma. Mkono hapa, chini ya paja, siyo hapo. Msiinue mpaka niseme tayari. Nataka kitandani, karibu na kichwa chake.”

Ulikuwa umefumba macho, lakini ulikuwa unasikia kila neno. Bi. Fatema anasema ulitabasamu.

Regina alipoketi, akakushika bega. “Kamwene, dada Lusia. Leo tunaanza na nini?”

Ulifumbua macho ukamtazama. “Sijui,” ukasema. “Mimi sijazoea kuulizwa.”

“Nitangoja,” akasema Regina.

Akangoja. Muuguzi alipita mara mbili. Hatimaye ukasema, “Nywele. Nichane nywele, nimekuwa kama kichaa.”

Basi akakulaza kichwa mapajani mwake, kwenye miguu ile uliyoibeba miaka sita, akakuchana, akakusuka mistari midogo midogo kwa mikono yake yenye nguvu. Kila mstari alikuuliza uelekee wapi. Ulikuwa na maoni mengi. Ilichukua mchana mzima, na hiyo ndiyo zawadi pekee aliyowahi kukupa. Wiki tatu ulikaa na mistari ile, hukutaka mtu aifumue, na ulizikwa nayo Kilolo.

Tulipotoka mazikoni, wanaume wa ukoo wetu walikaa wakakata shauri. Lusia hayupo, Regina hawezi kukaa peke yake, arudi Usangu. Nyanda akakodi lori. Alifika Mlandege asubuhi, akalisimamisha mbele ya nyumba, kamba za kufungia mzigo ziko begani. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Regina alikuwa ndani, hajatoka kitandani tangu jana yake, maana hakuna aliyebisha hodi. Alisikia lori likinguruma, akajua limekuja kumchukua. Alifunga macho.

“Hodi,” Nyanda akasema.

Regina hakuamini masikio yake. Alinyamaza. Nyanda akasimama pale nje na kamba zake. Dereva akampigia honi, yeye hakugeuka. Alisimama muda mrefu, mtu mzima mwenye wake wawili, analia kwenye mlango wa watu mchana kweupe.

“Karibu,” Regina akasema.

Nyanda akaingia, akaitazama cherehani, akalitazama lile benchi, akautazama ukuta aliokusukumia. Maneno aliyotumwa na wazee hakuyasema. Akauliza ya kwako.

“Regina. Leo tunaanza na nini?”

“Tunaanza na kulia,” akasema dada yake. “Tukimaliza, uniwashie jiko. Na hilo lori liondoke.”

Lori likaondoka tupu. Nyanda alikaa naye Mlandege mpaka Juni. Ya kumbeba na kuwasha jiko aliyafanya yeye, na ya kuoga Bi. Fatema alikuja kila asubuhi, akabisha hodi kama mgeni. Wanawake wanne walikuja kuomba kazi yako, na Regina aliwahoji mwenyewe, Nyanda akiwa ametolewa nje. Wa kwanza alimwita “mtoto.” Wa pili aliongea na Bi. Fatema badala ya kuongea naye. Wa tatu alianza kufagia kabla hajaambiwa. Wa nne ni Mama Saulo, mkazi wa hapo hapo Mlandege. Yeye aliuliza, “Nifanyeje, dada?” Ndiye aliye naye hadi leo, na Regina anashona, na sare za mwaka huu zimekwisha mapema. Regina hakumfundisha kuuliza kama ulivyouliza wewe. Swali lako limeondoka nawe.

Wiki iliyopita tulikwenda Kilolo. Matilda alikuwa amepalilia na kupanda maua pembeni. Regina alituelekeza tumshushe karibu na msalaba, upande wa kichwa chako, tukamshusha kama alivyosema. Akanyoosha mkono, akagonga mti wa msalaba mara mbili.

“Hodi, dada Lusia,” akasema.

Akangoja. Kila mmoja wetu alitaka kusema kitu, kumfariji, kumbeba, kumwambia yatosha. Tulisimama mikono imening'inia. Baridi ilikuwa kali na ukungu ulikuwa unashuka milimani. Baada ya muda mrefu akajipangusa uso mwenyewe, akasema, “Twendeni.”

Unakumbukwa na Budeba na mkewe Roza, na Nyanda, anayekuomba radhi kwa jina lake, na kaka yako Kasian na mwanao Matilda, na Kamrudin na Fatema, ambao kwenye benchi ulilokuwa ukikalia pale barazani hawajamkalisha mtu, na Mama Saulo ambaye hakukuona lakini anakujua, na Regina.

Ulitufundisha kungoja tuambiwe, Lusia, na tumejifunza. Ila hili moja hatutangoja. Kukukumbuka tutakukumbuka bila kuambiwa, maisha yetu yote.